Mlima wa pembetatu uondoke madarasani

Ingia katika darasa lolote la shule ya msingi kuanzia Shauri Moyo hadi Kayole, uwaambie watoto wachore mandhari ya kijijini yenye nyumba, kisha uzunguke kati ya madawati baada ya nusu saa. Utaiona picha moja mara hamsini. Nyuma kuna milima miwili ya pembetatu, na katikati yake jua linachomoza likiwa na miale iliyopigwa kwa rula. Chini ya milima unapita mto wa rangi ya buluu. Ukingoni mwa mto pana kibanda cha nyasi, na kando yake mnazi uliopinda. Angani wanaruka ndege wenye umbo la herufi V. Mtoto ambaye kwao ni Kitui atachora hivyo, wa Kakamega vivyo hivyo, na hata yule ambaye hajawahi kutoka nje ya Nairobi. Mnazi wa Mombasa umeota Vihiga na hakuna anayeshangaa.

Nimefundisha uchoraji katika shule za mitaa hii ya mashariki ya Nairobi kwa miaka mingi, na picha hiyo nimeiona ikirithiwa kizazi hadi kizazi kama maradhi ya ukoo. Baadhi ya walioichora mbele yangu sasa ni wazazi, na watoto wao wanakuja na milima ileile. Sisemi kwamba watoto hawa hawana kipawa. La hasha! Ninachosema ni kwamba tumewafunza kukumbuka picha badala ya kukumbuka mahali, na mtu aliyefunzwa hivyo hata ukimsimamisha mbele ya mlima wenyewe atakuchorea pembetatu.

Wapo walimu wenzangu wenye dawa ya haraka. Wao husema kwamba mtoto aliyezaliwa katika ghorofa la Umoja au Pipeline hana biashara na kijiji. Mwache achore matatu, magenge ya mboga, mafundi wa jua kali pale Gikomba na nguo zinazoning'inia kwenye vibaraza. Rai hii ina sura ya busara, na siku hizi inapigiwa makofi kila inapotolewa. Mimi siikubali, na nitaeleza kwa nini.

Mitaa ya Eastlands haikujengwa ili watu waifanye kwao. Pumwani ilipoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, na baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati na mingineyo, serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia. Alitakiwa afanye kazi reli, viwandani au katika baraza la mji, kisha arejee alikotoka. Vyumba vingi vilikuwa vya kulala mwanamume mmoja au wawili, wala si vya kulelea jamaa. Matokeo yake ni kwamba Nairobi hii ilizaliwa ikiwa na mguu mmoja mashambani. Mguu huo haujaondolewa. Upo katika mikutano ya matanga inayofanyika jioni kwenye kumbi za mitaa, upo katika gunia la mahindi linaloshushwa juu ya basi, upo katika majina ya vyama vya wanawake vya kuweka akiba. Nenda stesheni ya mabasi ya Machakos wiki ya Krismasi, uone magodoro, majiko, kuku na watoto wakipandishwa kwa pamoja, ndipo uniambie kwamba mtoto wa Jericho hana kijiji.

Ana vijiji viwili, naam, hata vitatu. Kuna kile anachokwenda mwezi wa Disemba, akacheza na binamu zake na kuona giza la kweli lisilo na taa za barabarani. Kuna kile kinachosimuliwa na nyanya yake. Na kuna kile kilichomo mtaani mwenyewe, ambacho tunakipita bila kukitazama: sukumawiki na minazi midogo ya ndizi, kama mwanafunzi wangu mmoja alivyoiita migomba, kandokando ya mto Nairobi kuelekea Dandora, ng'ombe wakilishwa majani ya kando ya barabara kule Njiru na Ruai, ua wa kayaba ambao bado umezunguka baadhi ya nyumba za zamani. Kumwambia mtoto huyu asichore kijiji ni kumkata nusu ya maisha yake. Kosa si kuchora kijiji. Kosa ni kuchora kijiji ambacho hakipo popote duniani.

Nitatoa mfano mmoja, nao ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, niliwataka wanafunzi wangu wachore nyumba moja ya mashambani waliyowahi kulala ndani yake. Nilikataza mlima kwa yeyote ambaye kwao hakuna mlima. Msichana mmoja wa darasa la saba, mkaazi wa Makadara, alichora boma la babu yake. Kushoto palikuwa na nyumba ya nyanya, ya udongo, paa lake la mabati limeshika kutu nusu. Kulia alichora nyumba kubwa ya matofali isiyo na paa. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, vyuma vya nguzo vimechomoza juu kama vidole, na ndani ya chumba cha kwanza mmeota mpapai ambao tayari ulikuwa na matunda. Nyumba ya nyanya aliipaka rangi za moto, kahawia na chungwa. Ile ya matofali akaipaka zambarau iliyofifia, na kivuli chake akakirefusha hata kikaufikia mlango wa nyanya.

Picha hiyo niliibandika ukutani siku ya wazazi. Asubuhi yake nikaikuta imebanduliwa. Mkubwa mmoja alinieleza kwamba haikuwa picha nzuri ya kuonyesha wageni. "Mwalimu, hii ni nyumba gani isiyo na paa? Na milima iko wapi?" Nilimwita msichana ajibu mwenyewe. Akasimama, akaweka mikono nyuma kama walivyofunzwa, akasema, "Ni ya baba, mwalimu. Aliacha kuijenga kazi ilipoisha." Baba yake alikuwa ameachishwa kazi katika kiwanda kimoja. Mahali pa picha hiyo palikuwa pamekwisha kubandikwa kibanda, mto, mnazi na jua lenye miale.

Naomba msomaji azingatie kile kilichokataliwa pale. Kiufundi, picha ya msichana yule ilikuwa na kasoro zake: mlango mmoja ulikuwa mpana mno na mpapai uliegemea hewa. Lakini ndani yake mlikuwa na historia ya familia moja ya Eastlands, safari ya mshahara kutoka viwandani hadi shambani na mahali ulipokatikia. Kivuli kilichofika mlangoni kwa nyanya hakikufundishwa na mtu. Alikirefusha kwa sababu alihisi hivyo. Hiyo ndiyo maana ya mandhari yenye hisia, na mwenye kuifundisha hana budi kuitambua ikijitokeza, hata kama imekuja bila kubisha hodi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagga mwaka wa 1923, alisoma uchoraji Makerere na kisha London, na maisha yake yote akachora migomba, mashamba, nyumba na watu wakifanya kazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka wa 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Mwaka uliofuata, Tanganyika ilipopata uhuru, alikuwa balozi wa kwanza wa nchi hiyo mjini London. Ukizitazama picha zake huoni kibanda cha kubuni. Unaona mahali ambapo kila mgomba una mwenyewe. Mwalimu wake wa Makerere, Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka wa 1937, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio na kuwaacha wajijengee picha akilini kabla ya kugusa brashi. Mtu anaweza kumbishia mama huyo kwa mengine, na wengi wamembishia, lakini hilo la kuona kwanza kwa jicho la ndani lingetusaidia sana leo.

Mwenziwe Ntiro kutoka Kilimanjaro, Elimo Njau, aliletwa karibu nasi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani mwa kanisa kuu la Murang'a matukio ya maisha ya Yesu, akayaweka katika vilima vya Murang'a na kati ya watu wa Murang'a. Mwaka wa 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha jumba la Paa ya Paa hapa Nairobi, na kwa miongo mingi akawa mpinzani mkubwa wa kuiga. Najiuliza angesema nini akipitishwa kwenye madarasa yetu na kuona jua lile lile mara hamsini.

Nikija kwa walimu wanaolalamika kwamba shule haina rangi, jina ninalowapa ni la Rosemary Karuga. Huyu mama alizaliwa mwaka wa 1928, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea sanaa Makerere, akarejea Kenya akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipostaafu na kurudia sanaa katika miaka ya 1980 hakuwa na pesa za kununua rangi. Alichukua karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazikatakata vipande vidogo vidogo na kuvigandisha, hata vikawa wanawake, wanyama na maisha ya kijijini. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Alifariki mwaka wa 2021. Pakiti za unga zimejaa katika kila jaa la Kariobangi, na gundi ya uji kila mtu anajua kuipika.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, maana lawama bila maarifa haimfunzi mtu.

Nianze na mlima, kwa kuwa ndiye adui yangu. Wanafunzi wa Kayole na Komarock wanaoishi orofa za juu wana bahati ambayo hawaijui. Asubuhi isiyo na ukungu wakipanda paani na kuelekeza macho kaskazini-mashariki watauona mlima wa Kilimambogo, ule ambao Wamaasai wameupa jina la Ol Donyo Sabuk. Hauna ncha. Umelala kama mgongo wa mnyama, na waliouita kilima cha mbogo walikuwa na macho. Upande wa pili, kusini-magharibi, kuna vilima vya Ngong vyenye vifundo kama vya ngumi iliyofungwa. Mpeleke mtoto juu ya paa mara moja, umsimamie asianguke, umwambie aufuate ukingo wa mlima kwa kidole hewani kabla ya kuuchora. Nakuhakikishia pembetatu haitarudi. Aidha mwulize una rangi gani. Atasema kijani, kwa sababu anajua milima ina miti. Mwambie atazame tena. Mlima ulio mbali hivyo ni wa buluu iliyochanganyika na kijivu, kwa kuwa hewa yote iliyo katikati imejipaka juu yake. Hapo amejifunza somo kubwa la umbali bila kuchora mstari hata mmoja wa rula.

Udongo nao hudanganya. Watoto wengi hupaka ardhi yote kahawia moja. Lakini udongo wa Embakasi, Umoja na Kayole ni mweusi, ule wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika, ilhali ukielekea Kiambu na Murang'a unakuta udongo mwekundu. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo mwekundu huvaa sketi nyekundu: mvua hurusha matope ukutani hadi kiasi cha magoti ya mtu. Mtoto anayeukumbuka mstari huo wa matope hahitaji kuandika chini ya picha kwamba hapa ni kwetu.

Kisha mabati. Siku hizi sehemu kubwa ya nyumba za mashambani zimeezekwa mabati, wala kibanda cha nyasi si cha kawaida tena katika wilaya nyingi, mtake msitake. Kuna wanaoona kwamba kuchora mabati ni kuiba uzuri wa kijiji. Hawajawahi kuyatazama. Bati jipya halina rangi yake lenyewe. Hukopa kwa mbingu. Saa sita mchana ni jeupe la kuumiza macho, saa kumi na mbili jioni ni la waridi au zambarau, na mvua inapokaribia huwa jeusi kuliko wingu. Bati kuukuu lina kutu ya chungwa, na kutu hiyo ikikaa kando ya majani mabichi ya mgomba, rangi hizo mbili hutetemeshana, maana chungwa nyekundu na kijani hupingana na kila moja huipa nyingine nguvu. Mchoraji aliye na makopo matatu tu ya rangi, nyekundu, manjano na buluu, na kidogo ya nyeupe, anaweza kupata haya yote. Nyeusi ninaificha kabatini kwa muhula mzima. Mwenye kutaka giza na achanganye buluu na kahawia, naye ataona kwamba kivuli kina uhai.

Kuhusu kivuli, sisi wa Nairobi tumo nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta. Mchana jua huwa karibu juu ya utosi, vivuli vinajikunyata chini ya mapaa na nyumba zote huonekana bapa kama kadi. Ndiyo sababu ninawatoa wanafunzi nje saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni, hata kama ratiba ya shule inanung'unika. Saa hizo ukuta mmoja una nuru na wa pili una giza, nayo nyumba hujisimamisha yenyewe kwenye karatasi.

Kwa mazoezi ya majengo hakuna mahali ninapopapenda kama Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940, nyumba za chini za mawe, mapaa ya vigae vyekundu, zimepangwa kuzunguka viwanja vya wazi na miti. Ulibuniwa kwa mfano wa miji-bustani ya Uingereza, na kwa kinaya hicho cha historia umekuwa mahali katika Nairobi panapofanana zaidi na kijiji. Kuku wanatembea. Wazee wanakaa chini ya mti. Mwanafunzi akikata kidirisha katika kipande cha manila, cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na kuchungulia kwa jicho moja, atachagua nyumba mbili na mti mmoja badala ya kuhangaika na mtaa mzima. Akinyosha mkono na penseli mbele ya jicho, ataona jinsi ukingo wa paa unavyoshuka kuelekea usawa wa macho yake kadiri nyumba inavyokwenda mbali. Mambo haya hujifunzwa kwa wiki mbili. Aliyeyajua Kaloleni atayatumia Bondo au Mwingi bila taabu.

Ila onyo moja. Usahihi huu ni ngazi, na kuna walimu wanaoifanya ngazi kuwa nyumba. Mwanafunzi akishajua kunyosha ukuta, apewe ruhusa ya kuupinda akiwa na sababu. Mholanzi Vincent van Gogh alipochora kanisa la kijiji cha Auvers nchini Ufaransa mwaka wa 1890, wiki chache kabla ya kifo chake, aliuacha mjengo ule wa mawe uyumbe chini ya mbingu ya buluu nzito, na njia igawanyike mbele yake pande mbili. Alijua kuchora ukuta ulionyooka, lakini siku ile haukumfaa. Chaim Soutine naye, kijana maskini aliyetoka Ulaya ya mashariki, kati ya mwaka wa 1919 na 1922 aliishi Céret, kusini mwa Ufaransa, akazichora nyumba za pale zikiinama na kukimbia na mlima kama abiria ndani ya matatu inayokata kona. Ninapowaonyesha wanafunzi picha hizi, hucheka kwanza. Halafu mmoja hukumbuka usiku ambao upepo uliezua paa kwa mjomba wake, na darasa linanyamaza likichora.

Sababu ndiyo mpaka. Nyumba iliyopinda kwa kuwa mchoraji hakutazama ni uvivu. Nyumba iliyopinda kwa kuwa ndivyo ilivyobaki moyoni ni sanaa, na mwalimu aliyekaa na mwanafunzi wake huweza kuzitenga hizi mbili kwa swali moja tu: kwa nini?

Najua kikwazo kikubwa kimekuwa mtihani. Katika miaka ya kwanza ya 8-4-4 sanaa na ufundi ilitahiniwa katika KCPE. Masomo ya mtihani yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sanaa ikawa miongoni mwa yaliyotupwa nje, na kwa takriban miaka ishirini kipindi chake kikaliwa na hesabu katika shule nyingi. Ratiba ilisema sanaa, ubao ulisema sehemu na desimali. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Sasa tuna mtaala wa umilisi, na Januari 2026 wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10, ambako sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Kwa karatasi, hatuna tena kisingizio. Ila nimekwisha kuona miradi ya ubunifu inayofanywa na mzazi usiku kucha, au kununuliwa tayari kwenye duka la vitabu, na ndani yake wamo milima miwili na mnazi, safari hii wakiwa wamechapishwa kwa rangi. Mtaala umebadilika, pembetatu imehamia humo na virago vyake.

Wizara haiwezi kuiondoa. Wenye uwezo huo ni walimu, na ni kazi ya kuthubutu kutoa alama ya chini kwa picha safi iliyoigwa na alama ya juu kwa picha chafu iliyoonwa. Mzazi atakuja kulalamika. Mwonyeshe zote mbili, umwulize ni ipi ya nyumbani kwao.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya niharakishe. Mitaa hii inaondoka. Nyumba za zamani za Pangani zilibomolewa na mahali pake pakasimamishwa maghorofa. Mwaka wa 2025 wapangaji wa Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, walitakiwa wahame kupisha mradi wa nyumba mpya za serikali. Mitaa mingine ya kandokando, Ziwani, Bahati, Jericho na Maringo, imekuwa ikitajwa katika mipango ya aina hiyo kwa miaka. Simo katika wanaosema kwamba nyumba zenye mabomba yaliyooza zisiguswe. Watu wanahitaji makao bora. Lakini nyumba hizi ndizo vitabu vyetu vya mazoezi, na wanaozijua kwa undani kuliko msanifu yeyote ni watoto wanaozirukia kuta zake. Hawajaombwa wazichore.

Basi kwa walimu wa sanaa wa Makadara, Kamukunji na Embakasi nina pendekezo la muhula huu. Kila mwanafunzi alete picha mbili. Ya kwanza ni ya nyumba ya mtaani ambayo yeye mwenyewe anaijua kwa ndani, iliyochorwa papo hapo, saa mbili asubuhi au jioni, tarehe na namba ya nyumba zikiandikwa nyuma. Ya pili ni ya nyumba ya mashambani, atakayoichora likizo ya Disemba akiwa amekaa mbele yake, au kwa kumsikiliza nyanya akisimulia ikiwa nauli haikupatikana. Manila ikikosekana, boksi la kadibodi linatosha, na pakiti za unga zipo. Picha zibandikwe pamoja kwenye ukumbi wa Kaloleni, nyumba ya mtaani kando ya nyumba ya mashambani ya mtoto yuleyule, na wazazi waitwe. Zisizo na paa zibandikwe mbele.